Folda zinageuka shotikati, umeme unakatika, bando ni dogo: kompyuta ya nyumbani nailindaje?

MwangaKigoma

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa wanaoijua hii kazi.

Kompyuta ni ya mezani, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, diski ya kawaida ya GB 500 (siyo SSD), Windows 10. Iko nyumbani, Mwanga, Kigoma mjini. Wanaoitumia ni wanne: hesabu za biashara ya mawese na dagaa ziko kwenye Excel, kuna kazi za shule za watoto, na picha za familia. Nyaraka zote hazizidi GB 3, picha ni kama GB 40. Intaneti ni hotspoti ya simu. Printa hakuna, kwa hiyo flashi inakwenda steshenari na kurudi karibu kila wiki.

Tatizo: flashi yoyote ikichomekwa, folda zote zinageuka shotikati (ikoni za njia ya mkato). Nikiifomati inakaa sawa, nikiichomeka tena hali ni ileile. Windows iliwekwa dukani na "activator" (programu ya kuiamsha bila leseni). Kuna antivairasi ya kulipia ambayo sasa inaandika muda wake umeisha. Umeme nao hauna ratiba.

Bajeti ni laki moja na nusu. Nianze na antivairasi, UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika) au eksteno (diski ya nje ya kuhifadhia nakala)? Na hizo folda zinaokolewaje?

FundiNgambo (Tabora)

Salama mkuu. Antivairasi usinunue. Fedha ianze na eksteno, ila kabla ya kununua chochote kuna kazi ya bure ya kufanya leo.

Kirusi cha shotikati hakifuti faili. Kinazipa folda zako alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, kisha kinaweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, shotikati inaendesha kwanza skripti ya kirusi halafu inakufungulia folda yako halisi, ndiyo maana hugundui kitu. Aina nyingine inasukuma kila kitu ndani ya folda moja isiyo na jina na kuacha shotikati moja tu yenye jina la flashi. Kufomati flashi hakusaidii kwa sababu kirusi chenyewe kimeshahamia kwenye kompyuta, mara nyingi ndani ya folda iliyofichwa ya AppData, kinajiwasha pamoja na Windows na kusubiri flashi inayofuata. Kwa hiyo safisha kompyuta kwanza, flashi baadaye.

Toa hiyo antivairasi iliyoisha muda. Mara nyingi ikiwapo, Defender, yaani antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, hujiweka pembeni, na wewe unabaki bila mlinzi hata mmoja. Ukishaitoa, washa kompyuta upya, fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", teremka mpaka "Exclusions". Hapa pachunguze vizuri kuliko pengine pote. Activator nyingi humtaka mtu azime ulinzi, halafu huandika hapo folda ambazo Defender haitakiwi kuzigusa. Ukikuta C:\ nzima imeorodheshwa, basi hata ukiskani mara kumi itakuambia hakuna tatizo. Futa kila ulichokikuta pale ambacho hukukiweka mwenyewe.

Halafu apdeti Defender. Ukiona bando litaisha, tafuta kwenye simu faili la Microsoft linaloitwa mpam-fe.exe, la biti 64, ulishushe mahali penye Wi-Fi na kulihamishia kwenye kompyuta kwa waya wa simu. Lina zaidi ya MB 100 na linabeba orodha kamili ya virusi vinavyojulikana. Likishaingia, rudi "Virus & threat protection", bonyeza "Scan options", chagua "Microsoft Defender Offline scan". Funga kazi zako zote kwanza, maana kompyuta itajizima na kuskani kabla Windows haijawaka. Huchukua kama dakika 15. Umuhimu wake ni kwamba kirusi kinakamatwa kikiwa bado hakijaamka; ukiskani wakati kinaendesha kazi, kinaweza kujificha au kujirudisha.

Sasa flashi. Ichomeke, usibofye chochote ndani yake. Angalia imepewa herufi gani, tuseme E, fungua "Command Prompt" na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri mpaka mstari wa kuandikia urudi. Folda halisi zitaonekana, pamoja na ile isiyo na jina kama ipo. Hamisha nyaraka zako tu, yaani docx, xlsx, pdf na picha. Kitu chochote kinachoishia na lnk, vbs, js, bat au exe kiache humohumo, kisha fomati flashi. Ili uzione hizo herufi za mwisho, fungua folda yoyote, bonyeza "View" na uweke tiki kwenye "File name extensions". Tiki hiyo isitolewe tena. Bila hiyo, faili la "Matokeo.pdf.exe" linaonekana kama "Matokeo.pdf", na mtoto atalibofya.

KasuluMtandao

Naungana na Fundi, naongeza upande ambao watu huusahau. Windows ilipowekwa kwa activator ambayo hujui ilitoka wapi, usiulize tu kama kuna kirusi. Uliza pia ni nywila zipi zimeshachukuliwa. Programu zilizokrakiwa ndiyo njia kuu ya kuenea kwa kirusi cha fidia kiitwacho STOP, au Djvu. Kinafunga faili, kinaacha barua ya _readme.txt, na kwa miaka mingi kimekuwa kikidai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Mara nyingi kinakuja na mwenzake anayekusanya nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi (faili ndogo zinazokuweka ndani ya akaunti) vya akaunti ulizoingia. Vidakuzi vikiibwa, mwizi anaingia kwenye akaunti bila kuulizwa nywila wala namba ya uthibitisho.

Kwa hiyo ukishaisafisha kompyuta, badilisha nywila kwa kutumia simu, siyo kompyuta hiyo. Anza na barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila za vingine vyote. Kwenye akaunti ya Google ingia sehemu ya usalama, tazama orodha ya vifaa, na utoe kila kifaa. Kubadilisha nywila bila kuvitoa vifaa kunaweza kumwacha mwizi ndani. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu inayotoa namba, badala ya kutegemea SMS, maana laini ikihamishwa na tapeli SMS zinaenda kwake. Google itakupa namba 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8. Ziandike kwenye karatasi na uziweke pamoja na vyeti. Simu ikianguka ziwani, karatasi hiyo ndiyo itakayokurudisha kwenye akaunti.

Na tukiwa kwenye laini: piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiona usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma aifute. SMS za matapeli zipeleke 15040, na uweke na namba iliyotuma.

Kuhusu steshenari, usipeleke flashi yenye nyaraka zako zote. Geuza kazi kuwa PDF, itume kwa WhatsApp au barua pepe ya steshenari, wao wachape. Usiingie kwenye barua pepe yako ukiwa kwenye kompyuta yao. Ikilazimu flashi, tenga moja ndogo ya kuchapishia peke yake. Ikirudi nyumbani usiifungue: bofya kulia kwenye jina lake, chagua "Format", maliza. Tangu 2011 Microsoft ilizuia programu kujiendesha zenyewe kutoka kwenye flashi, hivyo kuichomeka tu kwa kawaida hakuambukizi. Kinachoambukiza ni kubofya.

FundiNgambo

Hapo kwenye kubofya ameweka mkono penyewe. Ndiyo maana watoto wapewe akaunti yao ya kawaida isiyo na uwezo wa msimamizi. "Settings", "Accounts", "Family & other users". Programu ikitaka kujiweka kwenye mfumo itaomba nywila ya msimamizi, na mzazi atajua.

Nirudi kwenye eksteno. Sababu ya kuitanguliza ni kwamba kirusi, radi, mwizi na diski kuzeeka vyote vinaishia mahali pamoja, data haipo. Antivairasi inashughulikia kimoja tu. Nunua eksteno ya GB 500 au TB 1. Jihadhari na flashi zinazoandikwa TB 1 au TB 2 kwa bei ya kutupa. Ndani yake kuna kumbukumbu ndogo, labda GB 32, na programu iliyochezewa ili itaje ukubwa wa uongo. Utakopi GB 40 za picha, majina yote utayaona, lakini zilizozidi uwezo wake hazifunguki. Pima kila flashi au eksteno mpya kwa programu ya bure inayoitwa H2testw kabla ya kuiamini. Inaijaza yote halafu inasoma ilichoandika. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa moja na dakika 50 kujazwa, kisha muda wa kusomwa, basi iache ifanye kazi usiku umeme ukiwepo.

Kukopi, tumia robocopy, ambayo ipo tayari ndani ya Windows:

robocopy "C:\Users\Biashara\Documents" "E:\Nakala\Documents" /E /XO /R:1 /W:1

Badilisha Biashara iwe jina la akaunti yako. /E inachukua folda zote za ndani, /XO inaruka faili ambazo nakala yake siyo ya zamani kuliko ya kompyuta, kwa hiyo baada ya mara ya kwanza kazi ni ya dakika chache. /R:1 na /W:1 usizisahau, kwani bila hizo robocopy ikikuta faili lisilosomeka itajaribu tena mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Na mtu akikushauri /MIR, kataa: ile inafuta kwenye eksteno kila kisichopo kwenye kompyuta. Siku umefuta hesabu kwa bahati mbaya, nayo itazifuta.

Ukimaliza, toa eksteno kwa "Safely Remove" na uichomoe kabisa. Eksteno inayokaa imechomekwa itafungwa na kirusi cha fidia pamoja na kompyuta, na radi itaichukua pamoja na kompyuta.

RadiNaNyaya (Urambo)

Kwenye umeme nina la kusema, kwa sababu watu hununua UPS wakidhani inakinga radi. Haikingi. UPS ya VA 650, ambayo kwa kawaida hutoa kama wati 360, kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, na kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Radi ikipiga nguzo ya jirani, dawa ni plagi kuwa nje ya soketi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili huku kwetu magharibi, mawingu yakijikusanya zima na chomoa, pamoja na waya wa intaneti au antena kama upo. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, uwazi ndani ya swichi ni mdogo sana kwa radi.

Angalia pia waya wa ardhi. Ekstensheni zenye kinga zinahitaji waya huo ili zimwage umeme uliozidi. Plagi ikikatwa mguu wa tatu, au soketi ikiwa haijaunganishwa na fimbo ya ardhini, sehemu kubwa ya kinga hiyo imeondoka hata kama taa yake inawaka.

Usiweke printa ya leza kwenye UPS siku mkiinunua. Kipasha joto chake kinavuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS italia na kukata. Betri ya ndani, aina ya volti 12 na Ah 7, hukaa miaka 3 hadi 5, na chumba chenye joto huifupisha. Kila mwezi chomoa UPS ukutani huku kompyuta inawaka bila kazi muhimu, uone inashika dakika ngapi.

Na hilo diski la zamani lipimeni kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski. Tazama mistari ya 05, C5 na C6. Namba ya kulia ikiwa sifuri zote, endelea. C5 ikiwa na chochote zaidi ya sifuri, kuna sehemu zinazosomeka kwa shida, kopi data zako siku hiyohiyo. Usikimbilie chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski) yenye /r kwenye diski ya namna hiyo, inapita sehemu zote za diski na kuilazimisha kusoma zilizoharibika, na diski iliyochoka inaweza kufia hapo. Nakala kwanza, matengenezo baadaye. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski, inajua kuirekebisha orodha yake ya faili, lakini maudhui ya lile faili la Excel lililokuwa linahifadhiwa haina dhamana nayo.

MwangaKigoma

Shukrani sana wakuu. Kwenye "Exclusions" kweli C:\ ilikuwemo, nimeitoa, na Offline scan imekamata vitu vitatu. Folda za flashi zimerudi zote. C5 ni sifuri.

Nimebaki na maswali mawili. Robocopy inaniambia imekopi faili 4 tu wakati nyaraka ni mamia. Na Windows 10 nasikia imeishiwa msaada, nifanyeje na mashine hii?

KasuluMtandao

La faili 4: bofya kulia kwenye folda ya Documents ndani ya "File Explorer", chagua "Properties", soma "Location". Nakaribia kuwa na hakika itaonyesha C:\Users\jina lako\OneDrive\Documents. Mtu akikubali maswali ya OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) wakati wa kuingia na akaunti ya Microsoft, nyaraka huhamia huko. Weka njia hiyo kwenye amri. Angalia pia alama kando ya kila faili: yenye wingu tupu haipo kwenye diski yako, iko mtandaoni tu. Bofya kulia kwenye folda, chagua "Always keep on this device", subiri zishuke, ndipo ukopi.

Na OneDrive au Google Drive usiihesabu kuwa nakala ya kutosha. Inafananisha tu: faili likifungwa na kirusi kwenye kompyuta, lililofungwa linapanda mtandaoni. Google inatunza matoleo ya nyuma kwa siku 30 au matoleo 100, lakini kuyarudisha faili moja moja kwa mamia ni kazi ngumu. Mtandaoni weka zile za lazima, hesabu na vyeti vilivyopigwa picha. Zifunge kwa 7-Zip, programu ya kufunga faili pamoja, kwenye umbo la 7z, uweke nywila na tiki ya "Encrypt file names", ndipo uzipandishe. GB 40 za picha usizipeleke kwa bando, na nafasi ya bure ya Google ni GB 15 tu, ikihesabiwa pamoja na barua pepe.

FundiNgambo

La Windows 10: msaada wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft iliweka mpango wa nyongeza hadi 13 Oktoba 2026, kwa mashine yenye toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na upande wa Intel kizazi cha nane kwenda juu, kwa hiyo mashine yako haimo. Njia za kulazimisha zipo, siwezi kumshauri mtu aziweke kwenye kompyuta yenye hesabu za biashara.

Kwa mashine yenye activator mimi ningefuta yote na kuweka Linux Mint 22, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, yenye msaada mpaka 2029. RAM yako inatosha na kubaki. Faili la kuiweka ni karibu GB 3, linaandikwa kwenye flashi, na unaweza kuiendesha kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski, ili uone kama Wi-Fi na sauti vinafanya kazi. LibreOffice, programu ya ofisi, imo tayari na inafungua Excel zako. Makro (amri za kujiendesha ndani ya Excel) ndizo zinazoweza kugoma, zijaribu mapema. Skripti za shotikati kutoka steshenari zimeandikwa kwa ajili ya Windows, huko hazipati pa kuendeshea.

Ukibaki na Windows kwa sasa, kumbuka apdeti za mwezi hutoka Jumanne ya pili, na kwa saa zetu ni saa 2 au saa 3 usiku. Hotspoti ikiwekwa kama "metered connection" (intaneti ya kubana matumizi), apdeti nyingi hazishuki, na wengi huziacha hivyo mwaka mzima. Siku inayofuata nunua bando la usiku, zima "metered", acha ishushe, washa tena. Apdeti za kila mwezi zinabeba na zilizopita, ukikosa mwezi mmoja unaofuata utaziba.

Kabla ya kufuta chochote, jaribu nakala yako. Chomeka eksteno kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, fungua faili la hesabu la mwezi huu, moja la mwaka jana, na picha kadhaa za katikati ya folda, siyo za mwanzo tu. Linganisha pia idadi ya faili na ukubwa kwa "Properties" pande zote mbili. Pesa ikipatikana, nunua eksteno ya pili, wiki hii utumie moja, wiki ijayo nyingine, na ile isiyo zamu yake ikae nyumba tofauti. Faili likiharibika bila mtu kujua na likakopiwa juu ya zuri, lile la wiki iliyopita bado lipo.

RadiNaNyaya

Kwa laki moja na nusu basi: eksteno sasa, UPS baadaye. Mpaka ipatikane, kwenye Excel ingia "File", "Options", "Save", punguza dakika za "AutoRecover" kutoka 10 hadi 2.